Siku Nilipoona Kuotea Nikiwa Kipofu

Kwa kuwa swahiba wangu amekwisha kuwatangazia kwamba nilipigwa na abiria wa daladala ya Gongo la Mboto, naomba kuweka kumbukumbu sawa: sikupigwa. Nilisindikizwa mlangoni kwa maneno tu.

Mnakumbuka nilivyojigamba hapa kwamba nimepewa nafasi ya mzee asiyeona katika mchezo wetu wa jukwaani. Nilikuwa nimesoma kwamba mwigizaji Jamie Foxx, alipoigiza maisha ya mwanamuziki asiyeona Ray Charles katika filamu ya mwaka 2004, alifunikwa macho hadi saa 14 kwa siku, na kwamba mwenzake Daniel Day-Lewis, alipoigiza maisha ya Christy Brown, mwandishi mwenye ulemavu wa viungo, katika filamu ya mwaka 1989, hakutaka kuondoka kwenye kiti cha magurudumu hata kamera zilipozimwa, akawa analishwa kwa kijiko. Nikaona Dar es Salaam nayo haiwezi kukosa mtu wa namna hiyo. Nikanunua miwani nyeusi Kariakoo, nikabandika pamba kwa ndani kwa plasta ya vidonda, nikapaka mpini wa dekio rangi nyeupe, na swahiba akaajiriwa kuwa kiongozi wangu wa njia kwa ujira wa chipsi mayai. (Msinicheke bado, mbele kuna pabaya zaidi.)

Daladala ilikuwa imejaa. Bibi mmoja akainuka, akanishika mkono, akasema, “Kaa, baba, kaa,” kisha yeye akaning'inia kwenye bomba na mfuko wake wa dagaa. Hapo ndipo nilipopaswa kushuka. Badala yake nikafurahia jinsi nilivyoigiza vizuri.

Tulipokwama kwenye foleni ya Tazara, jasho likailegeza plasta, na pamba ya jicho la kushoto ikateremka taratibu hadi ukabaki upenyo mwembamba kama wa mlango usiofungwa vizuri. Nilipaswa kufumba. Lakini katika upenyo ule ilikaa simu ya kijana wa pembeni yangu, na ndani ya simu mlikuwa na marudio ya mechi ya watani wa jadi, na goli lile ambalo nimeligombea kijiweni wiki nzima. Kijana akaisimamisha picha. Kidole changu cha shahada kikanyanyuka chenyewe, kikasafiri polepole hadi kwenye kioo, kikatua juu ya bega la mshambuliaji hasa, na mdomo ukatamka kwa sauti ya jukwaani, ile inayofika kiti cha mwisho bila kipaza sauti: “Huyu ameotea!”

Konda aliacha kuchezesha sarafu zake. Bibi akainama, akachungulia chini ya miwani yangu, nami, kwa sababu nisizozijua hadi leo, ndipo nikafumba jicho.

“Baba,” akauliza kwa upole uliozidi kipigo, “umepona saa ngapi?”

Sitayarudia yaliyofuata kutoka viti vya nyuma. Nitasema tu kwamba mzee mmoja mwenye fimbo nyeupe ya kukunja, asiyeona kwelikweli, aliwanyamazisha wote. “Mimi nilimjua tangu anapanda,” akasema. “Fimbo huitembeza kushoto na kulia, itangulie pale mguu unapokwenda kukanyaga. Huyu anachapa kama anaua nyoka. Amegonga ngazi, amegonga goti la konda, lakini kiti alichopishwa hakukigonga hata kidogo. Amekaa moja kwa moja.”

Nikamrudishia bibi kiti chake na nauli juu, akaikataa nauli. Swahiba alikuwa anarekodi tangu Buguruni. Mwongozaji wetu ameiona video, na kuanzia Jumamosi nakwenda kwa mzee yule kufundishwa, kwa malipo aliyoyataja yeye mwenyewe na ambayo sikuthubutu kuyapunguza.

Nilipokuwa nashuka, aliniita tena. “Lakini kijana,” akasema, “hapo kwenye goli una haki. Hata mimi niliposikiliza redioni niliona kabisa kwamba ameotea.”