Kiti kinachotazama nyuma na mtoto anayelia tangu Ihumwa

Ijumaa moja jioni, kwenye sheli mojawapo ya Kibaigwa, nilikuwa kwenye foleni ya mafuta nyuma ya Toyota IST iliyotoka Dodoma ikielekea Morogoro. Siti ya mbele alikaa mama, na mapajani mwake alilala mtoto wa miezi kama minne, wote wawili wamefunikwa kanga moja. Siti ya nyuma kilikuwapo kiti cha mtoto, cha aina ile inayomfanya mtoto atazame nyuma ya gari, kikiwa kipya na kimejazwa nepi na dumu la maji. Nilimsalimia baba, kisha nikamuuliza kwa nini kiti kimekaa bure. "Dada yangu, nikimweka humo analia tangu Ihumwa," alisema, akimaanisha tangu viungani mwa Dodoma, "na mama yake hana amani asipomshika."

Jibu hilo halijanitoka akilini, kwa sababu ndani yake mna hoja ya wazazi wengi ninaowafahamu hapa Dodoma, ambao si wazembe hata kidogo. Kwetu mtoto mchanga hukaa mwilini mwa mtu: hubebwa mgongoni kwa mbeleko, hupakatwa, hulala ubavuni mwa mama yake. Kumweka peke yake kwenye kiti cha plastiki, tena akitazama mgongo wa siti mahali ambapo mama aliye mbele hauoni uso wake, kunaonekana kama kumtupa. Anayetaka kuwashawishi wazazi watumie viti hivi bila kuiheshimu hisia hiyo hatasikilizwa, na sidhani kama anastahili kusikilizwa.

Hata hivyo, nguvu za mikono zina mpaka, na mpaka huo unahesabika. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa likigonga kitu na kusimama ndani ya nusu mita, mtoto wa kilo 10 husukumwa mbele kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 200 hivi. Kwa kilomita 80 kwa saa, mwendo ambao kwenye barabara ya Morogoro wengi huuona wa polepole, nguvu hiyo hufika kama kilo 500. Hakuna mama, hata aliyezoea kujitwisha ndoo ya lita 20 kila asubuhi, anayeweza kuzuia uzito huo kwa mikono, na kama yeye mwenyewe hajafunga mkanda, mwili wake ndio utakaombana mtoto kwenye dashibodi. Takwimu za Marekani zinaonyesha kwamba kiti cha mtoto kinachotumiwa sawasawa hupunguza hatari ya kifo kwa watoto wachanga ndani ya magari madogo kwa asilimia 71, na kwa wenye umri wa mwaka 1 hadi 4 kwa asilimia 54. Kati ya mapaja na kiti, kwa hiyo, sioni kwamba umebaki ubishi wa haki.

Ubishi wa haki upo kuhusu mwelekeo wa kiti na umri wa kukigeuza. Kichwa cha mtoto mchanga ni kama robo ya urefu wa mwili wake, wakati cha mtu mzima ni kama sehemu moja ya nane, na pingili za shingo yake bado zina gegedu nyingi, yaani sehemu laini ambazo hazijawa mfupa mgumu. Gari likigonga kwa mbele, mtoto anayetazama mbele hushikwa mabega na mikanda huku kichwa kikirushwa na kuivuta shingo. Anayetazama nyuma huzama mgongoni mwa kiti, na kichwa, shingo na mgongo hupokea kishindo kwa pamoja. Wazo hilo lilizaliwa Uswidi katika miaka ya 1960, pale Bertil Aldman alipoona jinsi wanaanga walivyolazwa chali ili mgongo mzima ubebe msukumo wa roketi, na mpaka leo Waswidi wengi huwaacha watoto wao wakitazama nyuma hadi kama miaka 4.

Wanaopinga muda mrefu wa namna hiyo wana hoja moja nzito, nami sitaki kuificha. Mwaka 2011 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilishauri mtoto atazame nyuma hadi atimize miaka 2, na mojawapo ya nguzo za ushauri huo ulikuwa utafiti wa mwaka 2007 uliodai kwamba usalama wake huzidi wa anayetazama mbele kwa mara 5. Hesabu ziliporudiwa ilionekana kwamba watoto walioumia katika takwimu hizo walikuwa wachache mno kuthibitisha dai hilo, utafiti ukaondolewa, na mwaka 2018 madaktari hao wakaacha kutaja umri. Sasa wanasema mtoto abaki akitazama nyuma mpaka afikie kikomo cha uzito au urefu kilichoandikwa kwenye kiti chake. Wapo wanaolitumia tukio hilo kudai kwamba habari yote ya kutazama nyuma ni biashara ya wauza viti, na hapo ndipo wanapokosea, maana kilichoanguka ni tarakimu moja, wakati maumbile ya shingo ya mtoto hayajabadilika. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 129, inayotumika Ulaya, bado inakataza kumgeuza mtoto kabla ya miezi 15. Kwa maoni yangu, mzazi wa Dodoma aichukue miezi hiyo kama kima cha chini kabisa, na baada ya hapo afuate kikomo cha kiti chake.

Hoja yao nyingine, kwamba miguu ya mtoto anayetazama nyuma hukunjwa, naiona nyepesi. Mtoto hukunja miguu yake bila kuumia, kama anavyoikunja akiwa mgongoni. Hoja ya nafasi ina uzito zaidi: kwenye IST au Passo, kiti kinachotazama nyuma humlazimu abiria wa mbele asogee mpaka magoti yaguse dashibodi, na familia ya watu watano inaweza kukosa pa kukaa. Kilio nacho kipo, na kinachosaidia ni mama kukaa siti ya nyuma pembeni ya mtoto, amshike mkono na amwimbie, na gari lisimame Kibaigwa na Gairo ili anyonyeshwe na anyooshwe mgongo. Mtoto mchanga hapaswi kukaa humo zaidi ya saa mbili mfululizo, na mkifika atolewe hata kama amelala, kwa sababu kidevu kikiangukia kifuani njia yake ya hewa hubanwa.

Hoja inayonitia wasiwasi kuliko zote ni ile isiyosemwa na wapinzani, kwamba kiti kizuri kikifungwa vibaya kinaweza kuua. Magari yetu mengi ni mitumba kutoka Japani, na onyo la mfuko wa hewa (airbag) limebandikwa kwenye kibao cha kuzuia jua kwa Kijapani, lugha ambayo hapa mjini ni wachache mno wanaoisoma. Maana yake ni kwamba kiti kinachotazama nyuma kisiwekwe kamwe siti ya mbele penye mfuko wa hewa unaofanya kazi, kwa kuwa mfuko ukifumuka hupiga mgongo wa kiti hicho sentimita chache tu kutoka kwenye kichwa cha mtoto. Fundi akikwambia mfuko umeshakufa, usimtegemee. Weka kiti siti ya nyuma.

Nimekaa nyuma ya gari la jirani yangu wa Area D nikimsaidia kufunga kiti cha mwanawe, na tulichukua karibu nusu saa. Mkanda wa gari ulipita njia isiyo yake, ile ya kutazama mbele. Tulipourekebisha nikashika kiti pale mkanda unapopita na kukitikisa. Kilicheza kama upana wa kiganja, wakati hakitakiwi kuzidi sentimita 2.5. Ikabidi mwenzangu aegemee kiti kwa uzito wake wote huku nikivuta mkanda. Kisha tukashusha mikanda ya mabega ianzie usawa wa mabega ya mtoto au chini kidogo, tukaikaza mpaka vidole visiweze kuifinya na kupata mkunjo wa kushika. Asubuhi hiyo ya Julai upepo ulikuwa mkali, na mtoto alikuwa amevishwa sweta nene na kufungwa blanketi juu yake. Tulivua vyote, tukamfunga, ndipo tukamfunika kanga juu ya mikanda, kwa sababu nguo nene hubonyea wakati wa ajali na kumwachia mtoto nafasi ya kuchomoka. Mwezi Oktoba shida inageuka: buckle ya chuma, yaani kifungio cha mikanda, iliyoachwa juani mchana inaweza kumuunguza, kwa hiyo kiti kifunikwe kitambaa gari likiegeshwa, na buckle iguswe kwa mkono kabla ya kumweka.

Linabaki suala la bei na sheria. Viti vingi vinavyofika mikononi mwa watu wa kipato cha kati ni vya mitumba, na kiti kilichopitia ajali kubwa kinaweza kuwa na ufa usioonekana. Ambaye hajui historia ya kiti wala haoni tarehe yake ya mwisho wa matumizi afadhali akiache, anunue kingine kwa ndugu anayemwamini. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2018 ilihesabu nchi 33 tu zenye sheria ya viti vya watoto inayofikia kiwango kinachopendekezwa, na Tanzania haikuwamo. Wanaotaka sheria wanasema bila faini hakuna atakayenunua. Wanaoipinga wanauliza mama anayetoka kujifungua Hospitali ya Benjamin Mkapa kwa bajaji atakifunga wapi kiti hicho, na swali lao ni la haki, kwa sababu mkanda wa kukishikia haupo. Ningependa Bunge lianze na magari binafsi peke yake, liwape wazazi muda, na kabla ya faini ya kwanza liondoe kodi kwenye viti vipya na kuwapa wauguzi wa kliniki za watoto mafunzo ya kuvifunga, ili mama anayeletea mtoto chanjo aweze kutoka nje na muuguzi hadi kwenye maegesho, wakitikise kiti pamoja.