Nani kasema Ludlow imeganda?

Mtembeza wageni mmoja, Mungu amsamehe, alitukusanya Castle Square, uwanja wa Ludlow, mji mdogo wa Uingereza, akatutangazia kwamba katika mji huu wakati umesimama. Watu wakatoa simu, wakapiga picha. Mimi nikanuna.

Umesimama wapi? Uwanja ule ule aliokuwa akiukanyaga ulikuwa na ukumbi mkubwa wa matofali wa enzi ya Malkia Victoria, karne ya 19. Mwaka 1986 ukabomolewa. Leo gulio linafanyika mahali ulipokuwa, na mgeni anaapa vibanda vile viko pale tangu Wanormani, wavamizi wa karne ya 11 kutoka Ufaransa, walipojenga ngome.

Teremka mtaa wa Broad Street ndipo utajua mji huu ni mwongo, tena mwongo hodari. Karne ya 18, wenye fedha walianza kuzionea haya nyumba zao za mbao za mwaloni, ushamba ule! Wengine hawakujisumbua kubomoa. Walisimamisha ukuta wa matofali kwa mbele, wakapanga madirisha kama kwa rula, nyuma wakaacha kama kulivyo. Chini kabisa kuna Broad Gate, lango pekee lililobaki kati ya malango saba ya ukuta wa mji. Hata hilo halikusalimika: mtu alijipachikia nyumba juu yake, katikati ya minara ya mawe, na madirisha yake ya kistaarabu. Barabara inapita chini ya sebule ya watu! Peleka leo ombi la kujenga nyumba juu ya lango la zama za kati uone utakavyotimuliwa. Halafu kichekesho: picha nyingi wageni wanapiga Feathers, jengo la 1619 lililofanywa hoteli baadaye, kwa ajili ya mbao zile zile zilizokuwa aibu.

Haya, nakubali kwa shingo upande. Bila sheria ya kulinda majengo, na pale yanalindwa karibu 500, huenda nusu ya mtaa ule ingekuwa maegesho ya magari. Hilo nimewaachia watetezi wa uhifadhi.

Lakini sheria inalinda ukuta, hailindi biashara, na biashara ndiyo iliyozaa ukuta. Ludlow ilitajirika kwa sufu na nguo zake, baadaye ikashona glavu, na tangu 1995 inajaza watu kwa tamasha la chakula. Kila zama ilibadili kazi na sura. Buttercross, jengo la mawe la miaka ya 1740 wanalolisifia nguzo zake, lilijengwa ili watu wauze siagi chini yake bila kulowa. Ni banda la soko, jamani, lililovaa suti.

Kijana wa pale kupata nyumba ya kununua ni habari nyingine, sitaki hata kuianza.

Wanaotaka kuhifadhi mji wa gulio waanze na bei anayotozwa muuza mboga kwa meza yake, Jumatatu ya mvua isiyo na wateja. Rangi ya milango waijadili baadaye.