Sarafu za Wake wa Makaisari: Nywele, Tarehe na Shimo Zilimotoka

Mwaka 202 Caracalla, mwana wa kaisari wa Roma Septimius Severus, aliozwa Plautilla, na dinari za fedha zilizofuliwa Roma zikawaonyesha bwana na bibi wakishikana mikono, pamoja na maneno ya Kilatini PROPAGO IMPERI, yaani uzao utakaoiendeleza dola. Mrithi hakupatikana. Mwaka 205 baba wa bibi harusi aliuawa, yeye mwenyewe akapelekwa uhamishoni, na baada ya baba mkwe wake, Septimius Severus, kufariki mwaka 211, Caracalla akaamuru auawe. Leo dinari za Plautilla huuzwa minadani Ulaya na Marekani, na mtu asiye tajiri anaweza kuishika mkononi ahadi ile iliyovunjika. Mvuto wake naukiri bila kusita.

Wanaotetea ukusanyaji wa sarafu za namna hii wana hoja ya maana. Faustina Mkubwa alifariki mwaka 140, na mumewe, kaisari Antoninus Pius, akaendelea kufua sarafu za kumtukuza hadi kifo chake mwenyewe mwaka 161; zimebaki nyingi kiasi kwamba makumbusho hayana haja ya kila moja inayojitokeza. Isitoshe, makumbusho hayo kwa sehemu kubwa yalijengwa na wakusanyaji: Clayton Mordaunt Cracherode, kasisi wa Kiingereza, aliiachia British Museum sarafu zake kwa wasia mwaka 1799. Tena wapo wanawake ambao bila sarafu tusingewajua kabisa. Cornelia Supera, mke wa Aemilian aliyetawala kwa miezi michache tu mwaka 253, yuko katika historia kwa sababu jina na sura yake vilipigwa chapa kwenye metali.

Hata hivyo, naona watetezi hawa hulipita upesi jambo moja ambalo kwangu ndilo kiini cha suala zima. Sarafu ya kaisari mara nyingi hubeba tarehe yake yenyewe, kwa kuwa maandishi yake hutaja alikuwa konsuli, yaani mshika cheo kikuu cha uongozi Roma, mara ya ngapi, au mamlaka yake ya utribuni, yaliyohesabiwa upya kila mwaka, yalikuwa yamefikia mwaka wa ngapi. Mkewe hakuwa na vyeo hivyo. Sarafu yake husema AVGVSTA, cheo cha heshima cha wanawake wa nyumba ya kaisari, na jina lake, na pengine upande wa nyuma huonyesha mungu wa kike wa uzazi au wa mapatano, basi. Ili kujua ilifuliwa mwaka gani, wataalamu hutegemea zaidi mitindo ya nywele, ambayo kwa Sabina, mke wa Hadrian, na kwa Faustina Mdogo, binti wa Faustina Mkubwa na mke wa Marcus Aurelius, ilibadilika mara kadhaa, na hutegemea pia akiba zilizofukiwa ardhini, kwa kuangalia ni sarafu zipi zilizikwa pamoja na zipi. Kwa hiyo sarafu ya mwanamke inapong'olewa shimoni bila kumbukumbu hupoteza zaidi kuliko ile ya mumewe.

Mfano mzuri ni akiba ya Reka Devnia, iliyofukuliwa mwaka 1929 nchini Bulgaria, palipokuwa mji wa kale wa Marcianopolis. Sehemu yake ilitawanyika kabla ya kuhesabiwa, lakini orodha iliyochapishwa mwaka 1934 ina sarafu 81,044, na hadi leo watafiti huitumia kukadiria ni kiasi gani cha fedha ya dola kilifuliwa kwa jina la Julia Domna, mke wa Septimius Severus, au la Faustina. Lau wauzaji wangewahi kuchambua humo sura za wanawake na kuziuza mojamoja, makadirio hayo yasingewezekana.

Soko lina dhara jingine lisilosemwa sana. Mkusanyaji anayetaka kila malkia awemo katika kabati lake hufika kwa Manlia Scantilla na Didia Clara, mke na binti wa Didius Julianus aliyetawala siku 66 tu mwaka 193, na hapo bei hupanda na waghushi huamka. Wengine hawaghushi sarafu nzima: huchukua shaba halisi iliyochakaa na kuchonga upya misuko ya nywele ili ipendeze, hivyo huharibu alama ileile ambayo mtaalamu angeitumia kuipa tarehe.

Wapo wanaojibu kwamba sarafu nyingi za bei ndogo hazina hati za kuonyesha zilikotoka kwa sababu tu hakuna aliyejali kuziandikia, na kwamba kudai hati kwa kila kipande ni kuwatia hatiani warithi wasio na kosa. Ni kweli, na kwa dinari ya kawaida ya Faustina iliyokaa katika droo ya babu nisingemlaumu mrithi. Ninayetofautiana naye ni mnunuzi wa leo anayeletewa kundi la sarafu za wanawake, udongo haujazitoka, na asiulize zilikotoka. Huko Frome, Uingereza, mwaka 2010, mtu mwenye kifaa cha kutambua metali aligundua chungu chenye sarafu 52,503, akaacha kuchimba na kutoa taarifa. Wanaakiolojia walizitoa tabaka kwa tabaka, wakakuta kwamba nyingi kati ya sarafu za kaisari Carausius, ambazo ndizo za mwisho kufuliwa, hazikuwa juu bali ndani zaidi, jambo lililoonyesha kuwa chungu kilijazwa kwa mara moja. Aliyekivumbua alilipwa, na akiba ikabaki pamoja katika makumbusho ya Somerset.