Maji ya Bamvua Lutoboka

Baba mkwe wangu ni mvuvi mstaafu wa Mombasa, na katika umri wake wote hajapata kuyaheshimu maji yasiyo na chumvi. Alipokuja Entebbe kututembelea, na mke wangu akamwahidi kwamba ningempeleka kuiona Ghuba ya Lutoboka katika kisiwa cha Bugala, hakuuliza nauli wala malazi, bali aliuliza mwezi unaandama lini. Hesabu yake ilikuwa ya kitaalamu kabisa: mwezi unapoandama, bahari hupata maji ya bamvua, ambayo yakijaa hupanda hadi mwisho wa ufuo, na yakipwa huacha uwanja mpana wa mchanga ambao mtu anaweza kuutembea hadi mwambani bila kulowesha pindo la kanzu. Safari ikasogezwa mbele kuusubiri mwezi.

Nilimweleza, kwa adabu yote anayostahili mkwe, kwamba Ziwa Viktoria lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800, lakini kujaa na kupwa kwake ni kudogo kiasi cha kutoonekana kwa macho.

“Mwanangu,” akanijibu, “mwezi ni ule ule mmoja.”

Hakuna mtu anayebishana na hoja ya namna hiyo, hasa yule ambaye mahari yake aliilipa kwa awamu.

Tulipanda meli Nakiwogo saa nane mchana. Baba alivaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi ikanyooka, koti jeusi, na kofia ya vito, ile iliyotariziwa kwa matundu madogo madogo, bila kujua kwamba kanzu na koti kwa Waganda ni vazi la sherehe za kwanjula, ambako familia ya bwana harusi hutambulishwa kwa wakwe. Abiria walimpongeza njia nzima. Mama mmoja alipiga magoti kumwamkia, kama desturi ya Buganda inavyotaka, naye Baba akadhani ameanguka, akainama kumwinua. Mama akaona heshima aliyoitoa haijatosha, akazidi kushuka, na wakabaki wameshikana mikono hivyo, mmoja akivuta kwenda juu na mwingine akielekea sakafuni, mpaka baharia alipokuja kuuliza kama kuna mgonjwa.

Lutoboka yenyewe ilimnyamazisha kwa muda. Msitu unashuka mlimani hadi karibu na mchanga, ndege aina ya hondohondo wanapiga kelele juu ya miti, na maji yametulia ndani ya mkono wa ghuba kiasi kwamba mitumbwi iliyotiwa nanga haitikisiki. Baba aliinama, akachota maji kwa kiganja, akayaonja, akayatema, kisha akachomeka kijiti mahali hasa maji yalipoishia ili apime bamvua. Asubuhi tulikuta kijiti kimesimama pale pale na maji yameishia pale pale.

“Yamechelewa,” akasema, akaenda zake kuagiza chakula.

Meza yetu ilitandikwa mchangani. Kulikuwa na samaki aina ya sato aliyekaangwa mzima, matoke yanayofuka mvuke, na birika la chai ya maziwa. Baba alikuwa ameshika kipande cha sato, akinieleza kwa nini samaki huyo hawezi kulinganishwa na changu, mara akanyamaza na kutazama ziwani. Mbali kidogo na mdomo wa ghuba, nguzo nyeusi ilikuwa imesimama juu ya maji, nene, ndefu, imepinda kichwani kwa kufuata upepo.

“Meli inaungua!” akapaza sauti, akapanda juu ya kiti. “Shusheni mitumbwi! Leteni kamba! Haraka!”

Sauti ile ilikuwa ya nahodha aliyekwisha kupambana na kusi, na ilifika hadi jikoni, ambako mpishi mmoja wa umri mkubwa, aliyekisikia Kiswahili zaidi kutoka vinywani mwa askari wa miaka ya 1970, alilala kifudifudi bila kuuliza. Wafanyakazi wengine walitazama ziwani mara moja tu, kisha wakaanza kufunga madirisha na kufunika masufuria.

“Mnafunga madirisha watu wanateketea?” Baba akafoka.

Kijana mmoja, aliyejifunga kitambaa puani, alimsogelea kwa heshima. “Mzee, hiyo si moshi. Ni nzi wa ziwa. Shuka, tafadhali, na ufunge mdomo.”

Sasa, kumwambia mzee wa Mombasa afunge mdomo, tena mbele ya mkwewe, ni jambo ambalo haliwezi kupita bila jibu. Baba alivuta pumzi, akaufungua mdomo wote amuulize kijana ni mtoto wa nani, na wingu likawasili wakati huo huo.

Wadudu hao hawaumi. Hukulia katika tope chini ya ziwa, huibuka kwa mamilioni na kuishi muda mfupi tu, na mara nyingi mawingu yao makubwa hutokea siku chache baada ya mwezi kuandama, kwa hiyo katika suala la mwezi Baba alikuwa sahihi kuliko sisi sote. Yeye, hata hivyo, hakuwa katika hali ya kufurahia ushindi. Aliinama akikohoa na kutema, huku kanzu yake ikijaa madoadoa kama mkate wa ufuta, na katika kofia yake ya vito kila tundu likapata mpangaji. Matoke yaligeuka rangi. Chai ilifanya utando. Sato, ambaye Baba alikuwa bado hajamaliza kumtukana, alitoweka machoni kabisa.

Wingu lilipopita, kijana alileta ufagio na kuku wa jirani wakaja bila kualikwa, na mpishi akainuka akijipangusa magoti. Baba alisukutua kwa chupa nzima ya maji, akaketi, akampigia simu mama mkwe. Alimsimulia moshi ulivyotanda, jinsi yeye peke yake alivyopiga mbiu ya hatari, na jinsi vijana wa pale walivyokosa ujasiri wa kushusha mitumbwi. Mama akauliza, kwa sauti ambayo hata mimi niliisikia, iwapo kuna waliokufa.

Baba alitazama sahani yake kwa makini.

“Wengi sana, mke wangu,” akasema. “Hawahesabiki.”