Dawa lengwa za saratani: Uganda ianzie wapi kuzijaribu?

Wanaotaka Kampala ifanye majaribio ya awamu ya kwanza ya dawa lengwa, zile zinazoandama jeni moja iliyoharibika, wana hoja nzito. Taasisi ya Saratani pale Mulago ipo tangu 1967, na dawa mseto za limfoma ya Burkitt, saratani ya tezi za limfu inayowapata sana watoto, zilijaribiwa hapo hapo. Halafu, uchambuzi wa majaribio 346 uliotoka 2016 ulionyesha kwamba wagonjwa wakichaguliwa kwa vipimo vya kibayolojia, uvimbe hunywea kwa takriban asilimia 31 yao. Bila kuchagua, asilimia 5.

Wapinzani hujibu kwamba awamu hii hupima sumu, si tiba. Kwa kawaida wagonjwa 3 huanzishiwa dozi ya chini, wakaangaliwa siku 21 au 28. Wakisalimika wote, watatu wengine hupewa dozi ya juu zaidi. Akidhurika vibaya mmoja, huongezwa watatu kwenye dozi ileile. Wakidhurika wawili, kupandisha hukoma. Waliotangulia huenda wakameza dozi isiyofua dafu. Asiyeelezwa hilo amehadaiwa, hata fomu ya ridhaa iwe ya Kiganda safi.

Pande zote mbili zinaruka chumba cha patholojia, ambako uvimbe huchunguzwa kujua jeni ipi imeharibika. Kipande cha uvimbe kinatakiwa kiingie ndani ya saa moja kwenye fomalini (dawa ya kuhifadhi nyama ya mwili) ya asilimia 10 yenye bafa, yaani kizuia asidi, mara 10 ya ujazo wake, kikae saa 6 hadi 72. Kikikatwa Ijumaa wilayani, kikatiwa fomalini isiyo na bafa na kungoja gari la Jumatano, DNA, kemikali inayobeba jeni, hukatikakatika, na katika maandishi yake herufi C husomwa T. Hapo maabara huripoti badiliko ambalo mgonjwa hana.

Kuna na VVU. Utafiti wa 2020 wa saratani ya mlango wa kizazi ulichunguza wanawake 118 wa Uganda. 72 walikuwa na VVU. Wadhamini wengi wa majaribio huwaengua wenye VVU, na si bure: efavirenzi, dawa ya VVU, na zaidi rifampisini ya kifua kikuu, huchochea kimeng'enya CYP3A4 cha ini, dawa lengwa nyingi zikavunjwa mapema. Lakini dolutegraviri, dawa nyingine ya VVU, haina tabia hiyo. Kumkataa mtu bila kuuliza anameza nini ni uvivu.

Limebaki swali la jeni ya kuanzia. Badiliko lililo kwa mgonjwa 1 kati ya 100 hudai kupima wagonjwa 1,000 kupata 10 wa kujaribiwa. Heri kuanza na jeni PIK3CA, ambayo Marekani ilikutwa imebadilika katika karibu robo ya saratani za mlango wa kizazi. Dawa zinazoizuia hupandisha sukari ya damu, na glukomita, kipimo cha sukari hiyo, ipo hata Soroti, mbali na Kampala. Mkataba nao utaje nani atatoa vidonge kwa aliyepata nafuu jaribio likifungwa; bila kifungu hicho, Mamlaka ya Taifa ya Dawa isitoe cheti.