Limeiva Kwa Nani?

Ni nani aliyewaruhusu wauzaji wa matunda kuapa kuwa kila chenye rangi kimeiva? Parachichi hukomaa mtini na kuiva baada ya kuchumwa, lakini likichumwa changa ili liwahi bei ya mwanzo wa msimu, utalingoja mezani hadi linyauke na kukunjamana, ukilikata ni gumu kama tairi. Nanasi, ambalo haliongezi utamu likishakatwa shambani, unaambiwa ulifunike siku mbili tatu “litakaa sawa.” Sawa na nini? Maembe nayo yamepigwa kabaidi, ile kemikali ya kuivishia kwa haraka, hadi maganda yanameta, kumbe kokwa bado laini na ukali wake unafumbisha macho.

Kuhusu dafu, wenzangu, hata sijui nianzie wapi. Mnazi umejaliwa jina kwa kila hatua, kidaka, kitale, dafu, koroma, hadi nazi yenyewe, wala hakuna mwuzaji asiyeyajua. Lakini wewe uliyesimama juani ukiomba maji ya kunywa unafuliwa koroma lenye maji kiduchu na nyama ya kuvunja meno, na ukithubutu kulalamika unaulizwa, kwani nyumbani hamna mbuzi ya kukunia nazi?