Uvimbe wa ubongo: seli ipi iliasi kwanza?

Barazani Mji wa Kale, kahawa tungu mkononi, mzee mmoja aliniuliza: "Mwanangu, uvimbe wa ubongo huota tu kama uyoga?" La hasha, una chanzo. Ila wataalamu wangali wanavutana kuhusu chanzo chenyewe.

Wengi wanazishuku seli shina za neva, ambazo kazi yake ni kugawanyika na kuzaa seli za ubongo, na pia watoto wao wasiokomaa. Aina moja ya meduloblastoma, uvimbe wa kisogoni unaowapata zaidi watoto, inawapa hoja nzuri. Huko, seli changa hugawanyika zikipata ishara ya Sonic Hedgehog (ndiyo, jina la mchezo wa kompyuta!). Protini PTCH1 ni bawabu anayeizuia SMO, protini nyingine, isifungue lango la kugawanyika. Ishara ikifika, bawabu huachia. Jeni ya PTCH1 ikiharibika, lango hubaki wazi bila ishara yoyote, na seli iliyopaswa kukomaa huendelea kuzaana.

Kwa watu wazima kuna glioblastoma, uvimbe mkali wa ubongo. Mwaka 2018 watafiti wa Korea Kusini walionyesha kwamba kwa zaidi ya nusu ya wagonjwa waliopimwa, baadhi ya kasoro za jeni za uvimbe zilikuwamo pia, kwa kiasi kidogo, katika makao ya seli shina kando ya vyumba vya maji ya ubongo, mahali pasipo na uvimbe.

Wapinzani, wanaosema hata seli iliyokomaa yaweza kuasi, nao hawakuja mikono mitupu. Mwaka 2012, huko Marekani, panya walizimiwa jeni za p53 na NF1, ambazo huzuia uvimbe, kwa kirusi cha maabara kilichoingizwa ndani ya neva zilizokwisha kukomaa. Neva hizo zikarudi utotoni na kuzaa uvimbe. Mimi sishawishiki sana: kirusi cha maabara kinaonyesha linalowezekana, si lazima lililompata mgonjwa.

Hata hivyo, kumjua mkosaji si kumkamata. Dawa ya vismodegib huifunga SMO. Mgonjwa mmoja wa meduloblastoma, aliyeripotiwa mwaka 2009, uvimbe wake ulinywea haraka, kisha ukarejea: SMO yenyewe ilikuwa imebadilika, dawa haishiki tena. Kwa mtoto kuna balaa jingine, maana SMO hiyohiyo husaidia kurefusha mifupa. Ikizimwa, anaweza kudumaa. Na kasoro ikiwa chini ya SMO katika mnyororo wa ishara, kwenye SUFU, protini nyingine ya breki, dawa haina pa kushika. Ndiyo maana kipimo cha jeni hutangulia.